Picha ya Mwalimu Kwenye Tovuti Yetu

Afisa wa ushuru aligeuza kompyuta yake kidogo ili nami nione.

"Madam, hii ni tovuti yenu?"

Nikasema ni yetu. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe nyumbani kwangu mtaa wa Dallas, hapa Embu, jioni baada ya jioni. Shirika letu lina ofisi ya chumba kimoja kule Kiirua, na kazi yake ni kuwapa viti vya magurudumu watu wasioweza kutembea. Mimi ndiye katibu. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka ombi la kuhuisha cheti cha msamaha wa kodi, ile karatasi ambayo wafadhili huiulizia hata kabla ya kukujulia hali. Nilidhani ni jambo la dakika kumi.

Kwenye skrini alikuwa mwenyekiti wetu. Kofia ya kijani, shati la kijani, ngumi juu. Chini yake maneno makubwa: "Aliyewapa viti, mpeni kiti!"

Nilisoma mara mbili. Huyu ni mwalimu wangu wa shule ya msingi. Mkewe alipokatwa miguu kwa sababu ya kisukari, ndipo yeye na mimi na jirani zake wachache tulipoanzisha shirika. Kwamba anagombea kiti cha wadi, nilikuwa naambiwa na skrini ya serikali.

"Endelea chini," afisa akasema kwa upole, nami nikateremsha ukurasa. Picha za watu wetu zote zilikuwa pale, nilizopiga kwa simu yangu. Mama mmoja wa Laare niliyekuwa nimemwahidi kwamba picha yake itaonwa na wafadhili tu, sasa alikuwa amewekewa maneno mdomoni: "Kura yangu ni ya Mwalimu."

"Shirika la hisani halimpigii mtu kampeni," afisa akasema. "Si kwa mkutano, si kwa mtandao. Kitu kikiandikwa hapa, ni nyinyi mmesema. Mlijua?"

"Sikujua."

"Nani ana neno la siri?"

Mwalimu alikuwa ameniomba neno la siri kwa simu mwezi uliopita, nikamtajia herufi moja moja, bila kuuliza ni la nini. Unamwulizaje mtu aliyekufundisha kusoma?

Afisa alinipa wiki mbili niondoe yote na kamati iandike maelezo. "Lakini siwezi kukuahidi kitu," akasema.

Nje ya ofisi hiyo niliketi kwenye ngazi. Kwa simu yangu nilihifadhi nakala za kurasa zote kwanza, maana barua ingehitaji ukweli, kisha nikafuta. Nikabadilisha neno la siri.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka Embu, nilimpigia mama wa Laare kumwomba radhi. Saa tano nilikuwa Kiirua, nyumbani kwa Mwalimu. Mkewe alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, akichambua maharagwe mapajani.

"Mwalimu, unagombea?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia." Hakuonekana hata kuona aibu. "Nilienda saiba pale Meru, kwa wale vijana wa kompyuta, wakanisaidia kuweka. Imetoka vizuri, ama?"

"Tunaweza kupoteza cheti."

"Kwa picha tu? Msichana wangu, nani alianzisha hili shirika? Mimi natangaza kazi yangu."

"Si yako peke yako, Mwalimu. Na yule mama wa Laare hakusema maneno yale."

"Si angesema tu? Umemwuliza?"

"Nimemwuliza leo. Ananiuliza kama mtamnyang'anya kiti asipokupigia kura."

Mkewe aliacha maharagwe.

"Hata mimi uliniweka huko?" akamwuliza.

Nilijua jibu, kwa sababu nilikuwa nimeifuta picha hiyo mwenyewe.

"Basi chagua," mkewe akasema. "Utafute kura, ama ukae na hawa wa shirika. Mbili huwezi."

Nilitamani Mwalimu aseme ataachana na siasa. Badala yake aliomba karatasi. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni kwamba anajiuzulu uenyekiti kuanzia siku hiyo, na kwamba picha ziliwekwa na yeye bila kamati kujua. Alipomaliza alinipa bila kuniangalia, akaingia ndani.

Kamati ilikutana Jumamosi hiyo. Tulikubaliana kwamba hakuna kitakachowekwa kwenye tovuti kabla watu wawili hawajakisoma, na kwamba anayetaka kugombea ajiondoe kwanza. Tulipeleka maelezo yetu pamoja na barua yake na nakala zile. Cheti kilikuja baada ya majuma kadhaa, na onyo la maandishi limeambatishwa. Niliisoma barua ya onyo nikiwa nimesimama, nikalia kama mtoto.

Mwalimu bado anafanya kampeni. Juzi tulikutana sokoni Kiirua, akanipa mkono kama anavyompa kila mpiga kura, akapita kwenda kwa mtu aliyefuata.