Kiti cha Mkwe

Mgeni wangu alianza kuulizia tiketi ya treni kabla mimi sijawaza hata kuku wa kumchinjia. Alikuwa kwao Polandi, na kila Jumapili baada ya ibada binti yake alikuja kwangu Kikuyu, hapa Dodoma, na swali lilelile.

"Shikamoo, Mama. Mama yangu anauliza, tiketi tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Mwambie hazijafunguliwa. Na salamu zangu umpe."

Jumapili ya pili, tiketi tayari? Ya tatu, tiketi tayari? Mimi ni muuza vitenge wa sokoni Majengo, na maisha yangu yote nimesafiri kwa mtindo wetu: safari unaipanga jioni, asubuhi uko stendi na begi kichwani, kiti utakijulia mbele ya safari. Huyu mwenzangu alitaka kujua atakaa dirisha lipi la treni ya Dar kwenda Dodoma wakati hata viza hajapata. Nilicheka mpaka wateja wakaniuliza nina nini.

Lakini nilijua kilichomsumbua. Binti yake alikuja kufundisha chuo kikuu, kule Chimwaga, akakutana na mwanangu, na wawili hao wakaamua kuoana. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno lilibaki kwa mama peke yake. Naye alisema waziwazi kwamba ndiyo wala hapana hatazitoa kwenye simu. Atakuja, ataona mtoto wake anaingia kwa watu wa namna gani, ndipo atasema. Na binti akaapa kwamba bila neno la mama yake hakuna ndoa. Mwanangu alikonda. Mama wa watu naye alikuwa anaogopa kuja nchi asiyojua neno lake hata moja, na tiketi mkononi ndiyo ingempa moyo wa kupanda ndege.

Basi nikatangaza: tiketi nitakata mimi. Mgeni ni wangu, nimpokee mimi. Na niseme ukweli wote, nilikuwa na hamu na treni ile mpya kuliko mtoto na sikukuu. Majirani zangu wote walishaipanda, wamerudi na mikogo, na mimi nimebaki nasikia honi tu. Nilijiwekea safari ya kwanza niende na mgeni wangu, tushangae pamoja.

Siku viti vilipofunguliwa nilifunga kibanda mapema. Binti alikuja na picha ya pasipoti ya mama yake kwenye simu, tukakaa mkekani kama watu wanaochambua mchele. Mwenyeji huandika namba ya kitambulisho chake, ikaisha. Mgeni wa nje anaulizwa namba ya pasipoti, uraia, na jina kama lilivyoandikwa, na jina lile lilikuwa na herufi zimebanana hivi kwamba niliandika nusu, nikapumzika, nikamalizia. Kisha ikafunguka picha ya mabehewa na viti vyake, vilivyochukuliwa rangi moja, vilivyo wazi rangi nyingine. Jamani, nilijiona nimeshika treni nzima kiganjani!

"Chai, Mama?" binti akauliza.

"Pika, mwanangu, pika!"

Akaenda jikoni, na mimi nikagawa viti. Mgeni nikampa dirisha. Kando yake nikajiweka mimi. Mwanangu nikamtafutia kiti behewa la mwisho kabisa, mkiani, ambako hata akikohoa hasikiki. Nikaona nimefanya jambo la adabu kubwa sana.

Kwetu Wagogo, nilivyolelewa mimi, mwanamume habanani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja hupinda. Marehemu baba yangu alikuwa akisikia tu sauti ya bibi mzaa mama ukumbini, anatokea mlango wa nyuma, na chakula chake kinamfuata huko huko uani. Hawakuwa na ugomvi hata kidogo. Bibi alikuwa akimsifu baba kwa watu kwamba huyu ndiye mkwe. Sasa nimweke kijana wangu bega kwa bega na mama mkwe, viwiko vinagusana kutoka Dar mpaka Dodoma? Aibu ile ningeipeleka wapi? Kumtupa mkiani ilikuwa ni kumwambia mama yule kwamba sisi tumeshakupa cheo chako. Nilidhani atalielewa hilo mwenyewe, kana kwamba kule Polandi nao wanatokea mlango wa nyuma.

Nikalipa kwa simu, ujumbe wa tiketi ukaingia. Nilipiga kelele binti akatoka jikoni na kijiko mkononi.

"Tumepata! Dirishani!"

Hakuangalia kiti cha mtu mwingine. Aliipiga picha tiketi ya mama yake, akaituma, na baadaye tukaambiwa kule imechapwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye friji. Nilifurahi siku tatu mfululizo.

Dar nilishuka kwa basi, makusudi, nisije nikaionja treni kabla ya wakati. Mwanangu anafanya kazi huko, tukaenda wote uwanja wa ndege. Akatokea mama mrefu, kofia pana, ananiangalia kwa wasiwasi. Nikamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Kijana akaiokota, akampa kwa mikono miwili, macho chini, akakimbilia kukaa mbele na dereva. Kiingereza chake ni kizuri, lakini mbele ya mama yule ulimi ulifungwa fundo. Mimi cha kwangu ni kile cha sokoni, cha kusifia kitenge na kupunguza bei, hakifiki mbali.

Kesho yake tukaenda stesheni. Mgeni alikuwa na ile karatasi ya tiketi ndani ya mfuko wa plastiki, ameishika kwa mikono yote miwili, na mhudumu alipolinganisha na pasipoti na kumwonyesha njia ya kupita, alinigeukia akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nami nikatabasamu kama vile nimeijenga stesheni mwenyewe. Kijana akabeba mabegi yetu, akayapandisha, akainama kidogo, akaondoka kwenda behewani kwake.

Treni ikaondoka bila hata kushtua. Kwenye kioo cha juu namba za mwendo zikaanza kupanda, na mimi napanda nazo. "Ona! Ona!" Namvuta mkono, namwonyesha nyumba zinavyokimbia, mashamba, milima ya mbali. Alitazama kidogo, kisha akageuka kuangalia viti vya nyuma. Akataja jina la mwanangu, akafungua viganja: yuko wapi?

Nikajibu kwa fahari. Nikanyoosha mkono kuelekea nyuma, nikaunyoosha zaidi, nikaupunga kabisa ili ajue ni mbali, mbali sana!

Uso wake ulibadilika. Akachukua simu, akampigia binti yake, akaongea kwa lugha yao, haraka, sauti inapanda. Mimi nikatikisa kichwa kumuunga mkono, nikidhani anaisifia treni.

Tulikuwa tumeshapita Morogoro ujumbe wa binti ulipoingia kwangu. "Mama, kuna nini huko? Mama yangu anasema kijana anamkimbia tangu uwanja wa ndege. Hamwangalii usoni, hamsemeshi, na sasa amejikatia kiti mbali naye. Anasema mtu anayemkimbia yeye leo, kesho atanikimbia mimi. Anasema ameshaona alichokuja kuona."

Furaha yangu yote ya viti, na kumbe ndoa ya mwanangu nimeiua kwa kidole changu mwenyewe! Nikabonyeza kumrekodia binti sauti: mwanangu, mwambie mama ni heshima, ni mimi niliyekata, kijana hana kosa, kwetu mkwe hakai na mama mkwe... Nikatuma. Ikawa giza. Tumeingia kwenye mahandaki ya Kilosa, na mtandao umebaki nje. Tukatoka, mtandao ukachungulia, tukaingia lingine. Ujumbe wangu unazunguka tu. Mahandaki yale nilikuwa nimeyangoja kwa hamu mwaka mzima. Siku ile niliyachukia.

Nikainuka, nikapita behewa baada ya behewa nikishika migongo ya viti, hadi mkiani. Kijana alikuwa ameketi wima, hana raha.

"Inuka. Nenda ukakae kwenye kiti changu."

"Mama! Kando ya mama mkwe?"

"Hatakuwa mama mkwe wako usipoenda."

Nikamweleza. Alisimama, tukaja wote, njiani akasimama kwenye mgahawa wa treni akanunua chai. Tulipofika mlango wa behewa letu miguu yake ikagoma. Nilimsukuma mgongoni kama mbuzi anayekataa kuvuka maji, hakusogea.

"Siwezi, Mama. Namheshimu, siwezi. Mpelekee chai hii. Usimwambie imetoka kwangu."

"Kwa lugha gani nitamwambia?"

Nikaichukua chai. Mgeni wangu alikipokea kikombe, akanyanyua macho, na kupitia kioo cha mlango akamwona kijana amesimama, kichwa chini, mikono imeshikana mbele. Akamtazama. Nikangoja kijana arudi mkiani, hakurudi. Treni ilitoka kwenye mahandaki, ikaingia nchi yetu ya vichaka na mawe, ikapita Gulwe, na yeye yupo palepale. Karibu haji, na kwenda haendi.

Hapo mtandao ukarudi kwenye simu zetu. Yangu iliandika imetumwa. Baada ya dakika kadhaa, yake ikaleta maneno marefu ya binti. Alisoma. Akasoma tena, polepole. Akavua miwani akaifuta, akatazama mlangoni kwa muda, kisha akanywa chai yake yote mpaka mwisho. Sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Nikampa karanga, akazipokea, tukatafuna hadi Dodoma.

Jukwaani binti alimrukia mama yake, wakalia, wakaongea kwa kasi. Nilimvuta pembeni baadaye: kasemaje?

"Anasema chai ilikuwa na sukari nyingi."

"Na jingine?"

"Basi, Mama. Mimi mwenyewe sijui."

Wiki ile nilikuwa juu ya makaa. Nilimpikia wali wa Bahi na kambale wa huko huko, akaomba tena. Alikwenda Chimwaga kuona binti anapofundishia. Alikaa kibandani kwangu sokoni, akawaita wateja kwa ishara hadi nikauza kuliko sikukuu. Tulicheka sana sisi wawili, bila lugha. Kijana alichukua likizo, akawa anakuja asubuhi, anakata kuni, anajaza mapipa ya maji, anakula uani. Na lile neno tulilolingoja sote halikutoka. Mama yule alikuwa anaona. Mimi nilikuwa namwona anavyoona.

Safari ya kurudi ilipokaribia, kama kawaida yake, akaja mapema. Akakaa mkekani kando yangu, akagonga simu yangu kwa kucha. Hata tafsiri sikuhitaji: tiketi tayari?

Nilikuwa nimeshaamua. Nikamwita binti atafsiri. "Mwambie mama safari hii mtakwenda naye wewe na kijana, nitawaweka watatu safu moja. Yeye dirishani, wewe katikati, na kijana palepale, amwone usoni mpaka achoke. Mila zangu nimezikunja nimeziweka kabatini."

Ilinikereketa kusema hivyo, lakini nilisema. Picha ya viti ikafunguka. Nikaweka alama cha kwanza, cha pili, na kidole kikishuka kwenye cha tatu, mkono wake ukanizuia.

Akatikisa kichwa. Akaichukua simu mkononi mwangu, akavaa miwani, akaanza kuisukuma ile picha. Akapita behewa letu, akapita linalofuata, na linalofuata. Akafika mkiani, behewa la mwisho, kiti cha mwisho kabisa kilichokuwa wazi, akakibonyeza. Ndipo akasema maneno machache, kwa utulivu, bila kututazama.

Binti aliweka mkono mdomoni.

"Kasemaje? Tafsiri, mtoto wewe!"

"Anasema..." Machozi yalikuwa yanamshuka. "Anasema, mkwe wangu atakaa hapa. Na chai aniletee mlangoni, apunguze sukari."

Nilipiga vigelegele nyumba ikajaa. Kijana alikuwa sebuleni akinywa maji. Alipoisikia sauti ya mama mkwe wake ikija kumtafuta, aliweka kikombe chini, akatokea mlango wa nyuma.