Siku Nilitafuta Dhahabu Ndani ya Ukuta Wangu

Mimi ni muntu hakuna kitu inaweza kumushangaza. Nilianza na kuuza makala ya kupikia ku baiskeli toka Lukafu, nikapitisha unga ku mupaka wa Mokambo wakati benye akili yao balikuwa bangali banalala, masomo yangu ilisimama mwaka wa ine wa primaire, na leo niko na salle de fête, nyumba ya kufanyia ndoa, yangu mwenyewe ku Karavia, hapa Lubumbashi. Lakini ile haya ya siku ya kufungua salle, bandugu, mpaka leo inanikamata nikiwa peke yangu mu gari, nafunga vioo, naguna.

Yote ilianza na neno moja. Madame Nadine, mwanamuke kijana mwenye alinichorea plan, aliniambia, "Papa Kasongo, ukuta wa mbele nitakufanyia rectangle d'or." Mimi nikasikia or. Or, dhahabu, mu inchi hii ya mashimo, nani hajue hii neno? Na bei yenye aliitaja ilikuwa kidogo sana, nikajiambia huyu mutoto wa université hajue bei ya kitu anauza, nimemupata. Njo nikafunga kinywa, nikaitika tu na kichwa kama muntu mwenye alikuwa anangojea hiyo maneno toka zamani. (Kama ningeuliza swali moja tu pale, sasa ningekuwa ninawaelezea mambo ingine.)

Ukuta ikaisha, nyeupe, na mustari wa rangi ya manjano kuizunguka yote, nikasema njo hii. Nikatembea nayo mu kinywa mu quartier nzima: ku coiffeur, ku kanisa, hata ku matanga ya muntu sikumujua. Ukuta wangu iko na dhahabu.

Habari ikafika kwa Mzee Ramazani, muchuuzi wa vitambaa, familia yao ilitoka Maniema, bantu ba heshima, na alikuwa anatafuta salle ya kuoza kijana yake. Mimi nilimutaka sana huyu muteja, juu akiingia yeye, bandugu yake bote banafuata, na salle mupya yenye haina ndoa ya kwanza ni depot tu ya viti. Siku ya kufungua akakuja, bantu banajaa mu parcelle, mu kiwanja yangu, mike iko mu mukono yangu (nani alinipatia mike?), akaniuliza polepole, "Patron, dhahabu gani inakaa inje, na bezi ba huku tunabajua vile banaiba?"

Bantu bakaanza kucheka. Damu ikapanda. Nikasema mu mike, "Mzee, kama haina dhahabu, ndoa ya kijana yako itafanyika humu bure, na mbuzi, na mupunga, na soda, yote juu yangu."

"Umesema mbele ya bantu," akasema.

"Nimesema."

Kumbe alikuja na shemeji yake, Papa Swedi, mufundi wa pete na mikufu. Huyu akatoa mu mufuko jiwe nyeusi ya kupimia dhahabu, akapanda ngazi, akakwangua mustari na kisu, akasugua ku jiwe, akatonesha dawa. Akanusa kidole.

"Patron, hii ni rangi ya kupaka, ya boîte. Tena umetia maji mingi."

Sasa hapo muntu wa akili anacheka na benzake. Mimi nikageukia Madame Nadine, mike ingali inafunguka, "Wewe mama, umekula dhahabu yangu."

Akaniuliza, "Dhahabu gani, papa?"

"Ya rectangle."

Bandugu, hata bapishi balitoka inje kuangalia. Lakini yule mama hakukasirika. Alitwaa kipande ya chaki, akanivuta na mukono mpaka ku ukuta. "D'or ni jina tu, juu ya uzuri wake. Ukuta iko na metre kumi na tatu kwa nane. Kata carré ya nane kwa nane. Nini inabakia?" Nikahesabu na vidole. Tano kwa nane. "Angalia sura yake." Ilikuwa ule ukuta ule ule, mudogo, yenye kusimama wima. Akakata tena, ikabaki tatu kwa tano, tena sura ile, akakata tena, mbili kwa tatu, kama mama na mutoto na mujukuu. Akasema bantu ba zamani balijengea nayo, bachoraji nabo banapangia nayo picha, na kama sisadiki nitwae nanasi ku meza, nihesabu mistari ya macho yake, ile inazunguka kwa upande. Nikahesabu: upande huu nane. Upande ule kumi na tatu. Nikatwaa ingine. Nane, kumi na tatu.

Nikasahau haya. Nikakimbia na nanasi mukononi, mike mukono ingine, "Hesabuni, hesabuni, iko ndani ya nanasi," na bantu bote banahesabu, Papa Swedi anagombana na muke wangu kwamba anaruka mustari, miaka yote ninakula ile kitu na hakuna muntu aliniambia.

Mzee Ramazani aliangalia ukuta, akaangalia nanasi, akaangalia ukuta. "Ni muzuri kweli. Salle tunaitwaa," akasema. "Bure, sawa vile ulisema."

Madame Nadine nilimuomba masamaha mu ile mike ile. Na nimejiapia: muntu akiniambia neno sijue, namusimamisha palepale, hata akiwa gouverneur. Ndoa ilikuwa nzuri, balikula mpaka bakasindwa, na mimi njo nililipa: dola elfu mbili mia moja na makumi ine na sita, na franc elfu tatu ya pikipiki ya kumurudisha Papa Swedi ku kazi.