Siku Niliyomfisha Bibi kwa Simu

Nichekeni, lakini polepole. Katika mchezo wangu wa vita wa simu nina kikosi cha matabibu wanaowaponya askari majeruhi. Tabibu mkuu nilimpa jina la bibi yangu, Bi Mwanasha, kwa kuwa hapa Mtongwe ndiye anayetukanda sote tukiteguka.

Jana alasiri bibi alitoka kwenda sokoni. Mimi, kamanda mwenye akili za dagaa, nilikuwa nimeziba masikio kwa hedifoni bomu lilipokiangukia kikosi cha matabibu mchezoni. Nikapiga kelele, "Bi Mwanasha amekufa! Jamani, Bi Mwanasha katutoka!"

Nikaendelea kupigana, hadi chumba kikaingia kiza. Kuinua macho, dirisha limezibwa na wanawake wa mabuibui, wananitazama bila kupepesa. Nilipovua hedifoni, nikasikia Yasini inasomwa ukumbini. Udi ulikuwa unanukia.

Jirani yetu, Mama Rukia, akanishika bega. "Pole mwanangu. Wanaume washaenda kuchimba. Maiti yuko chumba gani?"

Kabla sijajibu, ukumbi mzima ukapiga yowe. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake.

"Kulikoni? Nani kafa?"

"Wewe, Bi Mwanasha," Mama Rukia akasema. "Na aliyetangaza ni huyu mjukuu wako."