Michembe ya Bibi Holo

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, siku ninayoisimulia tulikuwa watu watano pale nyumbani kwetu Bukombe: bibi yangu Milembe aliyetulea, baba mdogo Masanja, aliyekuja kupumzika kutoka machimboni Geita, mdogo wangu Kabula wa miaka minne, jirani yetu Bibi Holo, na mimi. Mama alikuwa hukohuko machimboni akiwapikia wachimbaji. Ninawataja wote kwa sababu ni mmoja tu kati yao aliyejua nilichofanya, na hakusema.

Kabula alikuwa ametoka kuugua malaria. Asubuhi Bibi Holo alipita na bakuli la michembe, vile viazi vya kukausha, ameichemsha na kuichanganya na karanga. Aliishi peke yake, na karanga zenyewe hazikumtosha.

"Mwangaluka," alitusalimu. "Mpeni mgonjwa wangu."

Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Alipikia mavi ya ng'ombe makavu na mabua ya pamba, na jiko lake halikuwa na dirisha. Lakini kwetu Usukumani bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji kukosea ili aogopwe.

Mchana bibi aliniambia nimbebe Kabula niende naye kisimani. Nilikuwa nimechoka. Wiki nzima mgongo wangu ulikuwa kitanda chake. Ndani kulikuwa na chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu ya baba mdogo. Alizoea kujisifu nayo: "Ukinywa hii unashinda ndani ya duara na husinzii." Duara ndilo shimo lao la dhahabu. Nikawaza, kama inamtia nguvu mtu anayepasua mawe, itashindwaje kumtembeza mtoto? Nilimpa yote. Ilikuwa tamu, akairamba hadi ile iliyobaki midomoni.

Alitembea kweli. Alikimbia mbele yangu akicheka, "Punda wangu, nikamate!" Lakini tuliporudi alianza kutetemeka mikono, akatapika, na nilipoweka kiganja kifuani pake, moyo ulikwenda mbio kama wa kifaranga aliyeshikwa.

"Amekula nini huyu mtoto?" bibi akauliza.

"Michembe ya Bibi Holo," nilijibu.

Haukuwa uongo. Ndiyo maana maneno yalinitoka kwa urahisi.

Baba mdogo akasimama. "Nilisema mimi! Yale macho mnadhani ni ya bure?"

"Masanja, punguza sauti," bibi akasema, lakini mkono wake ulikuwa tayari unawamwagia kuku michembe iliyobaki.

Bibi Holo alisikia kelele, akaja mwenyewe akichechemea. Alipopita nyuma ya jiko letu aliokota chupa niliyoitupa. Alikuwa na kawaida ya kuokota chupa za kuwekea mafuta. Akainusa. Akamtazama Kabula, kisha akanitazama mimi. Nilisubiri aseme.

"Mpeni maji kidogokidogo, mkae naye kivulini," alisema. "Itapita."

"Umejuaje kama itapita?" baba mdogo akamrukia. "Si wewe uliyeiweka? Toka hapa, na usirudi!"

Alinitazama tena. Nilijifanya nafunga kanga. Akageuka, akaificha ile chupa ndani ya kanga yake mwenyewe, akaondoka nayo. Neno moja tu lingemtosha kujiokoa, na hilo neno lingenipatia mimi viboko. Alilimeza.

Jua lilipokaribia kuzama Kabula alikuwa ametulia, anaomba ugali. Majirani wakasema mchawi kaogopa, kafungua alichofunga. Kupona kwa mtoto ndiko kukawa ushahidi. Tangu siku ile watoto tulikatazwa kumwamkia Bibi Holo. Nami sikumwamkia.

Sasa nina mtoto wangu, naishi Ngokolo mjini Shinyanga. Nikiwa mjamzito, muuguzi wa kliniki alitueleza habari za kafeini, kwamba imo kwenye kahawa, kwenye chai ya rangi na kwenye vinywaji vile vya nguvu. Mtu mzima mwenye afya akinywa kwa kiasi kwa kawaida haimdhuru, lakini mwili wa mtoto ni mdogo. Inaweza kumkimbiza moyo na kumtetemesha. Wenzangu walicheka, wakauliza kama chai nayo waache. Mimi nilimwona Bibi Holo akinusa chupa.

Niliporudi nyumbani nilichukua chupa ya mume wangu nikaigeuza. Haifai kwa watoto, imeandikwa kwa herufi ndogo. Chupa naweza kujisamehe, nilikuwa mtoto na sikujua. Yale maneno manne niliyomjibu bibi nilijua yanakwenda wapi.

Bibi yangu alifariki sijamwambia. Mwaka jana nilimwambia Kabula, nikilia. Alinishika bega, akanifuta machozi kwa upindo wa kanga yake, kisha akatikisa kichwa.

"Dada, acha kujitwisha mzigo wa watu. Yule mama alinilisha. Kila mtu anajua."

"Mimi ndiye niliyekupa ile chupa, Kabula. Naapa."

"Ulikuwa mtoto. Umesahau tu."

Bibi Holo alihamia kwa binti yake wilayani Chato kabla ya mavuno ya mwaka uleule, akafia huko. Kabula hadi leo hali michembe.