Kipande Kilichobaki cha Santuri ya Babu

Mimi nina mdomo. Tangu utotoni naambiwa hivyo, na kwa muda mrefu niliona ni sifa. Hapa Kibaha, kituo cha Kwa Mathias, nilipo na kibanda changu cha kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi, hata makondakta, na unawajua walivyo, hawathubutu kunianza. Basi jambo hili limetoka humohumo mdomoni, na sijui nitalitoaje moyoni.

Babu yangu, mdogo wake babu aliyemzaa baba, anaishi Masaki. Siyo ile ya matajiri wa Dar, ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Ujanani alipiga kinanda kwenye bendi. Wakati wenzao wanapiga dansi na watu wanajimwaga ukumbini, wao walishikwa na roki ya Wazungu, ile ya nyimbo ndefu inayoitwa progresivu, mdundo unabadilika njiani na kinanda kinasema kuliko mwimbaji. Wakatoa santuri moja tu. Haikununuliwa. Bendi ikafa, wenzake nao wakatangulia mbele ya haki, akabaki yeye na nakala moja.

Mwaka huu alinijia kibandani kwa bodaboda, santuri ameifunga kwenye kanga ya marehemu bibi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Isikilize hii, uniambie uzuri wake na ubaya wake. Ikifaa, iingize kwenye vidude vyako hivyo, watoto waisikie. Isipofaa nirudishie, nife nayo."

Kwetu babu na mjukuu ni watani. Yeye ananiita mke wangu, mimi namwita kizee changu, na mtani hanuni. Akinuna ameshindwa. Lakini siku ile hakuwa anatania. Nililiona hilo machoni pake, nikajifanya sikuliona.

Nikaazima mashine kwa fundi redio, nikasikiliza. Upande wa kwanza ni mbovu, tusidanganyane. Mwimbaji anabana pua apate sauti ya Kizungu, gitaa lina kelele nyingi na halina la kusema, na maneno ni ya nyota na majoka, utadhani hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Uzaramo. Upande wa pili ni wimbo mmoja mzima. Mwanzoni wanahangaika kweli: ngoma inabadili mwendo, kinanda cha babu kinachelewa, kinamfukuzia mwenzake, kinajikwaa. Kisha, pale unaponyoosha mkono kuzima, unaingia mdundiko. Mdundiko wetu, ngoma ya siku ya kumtoa mwali! Kinanda kinauzunguka taratibu, kinaupisha, kinaurudia. Loo, nywele zilinisimama. Wateja waliniita dirishani nikawa siitiki.

Hayo yote ningemwambia. Nilikuwa nayo tayari.

Ila wiki ileile kulikuwa na harusi ya ndugu yetu Kisarawe mjini, na ukoo mzima ulikuwepo. Pilau ilipokwisha shangazi akapaza sauti, "Haya, muziki wa mumeo umeusikia?" Watu wakageuka kunitazama. Utani hauna nafasi ya kusifu. Ukimsifu mtani wako mbele za watu, umeipoza shughuli. Na nisiseme nilishtukizwa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimerekodi kwenye simu ile sehemu ya kujikwaa, nikaikata kabla mdundiko haujaingia, maana mdundiko ungeua kichekesho. Nikaunganisha simu kwenye spika.

"Msikieni mume wangu anakimbizwa na ng'ombe!" nikasema. "Wewe kizee, santuri hii kafunikie mtungi, angalau utazuia mende."

Watu walicheka hadi machozi. Babu alicheka kuliko wote, akainua mikono, "Umeniweza, mke wangu, umeniweza!" Kisha akaomba santuri yake. Nilikuwa nayo mkobani, nikampa. Hakuniuliza uzuri wake.

Nikajiambia kesho nitakwenda nimweleze. Kesho ikawa keshokutwa, mara kibanda, mara mtoto anaumwa. Uongo mtupu. Niliona haya, basi.

Nilipofika Masaki nilimkuta barazani anamenya mihogo. Pembeni yake, juani, ulikuwepo mtungi wa maji, na juu yake kifuniko cheusi kilichojikunja kingo kama ungo uliolowa.

"Babu! Ndiyo yenyewe?"

"Si ulisema mwenyewe? Mende hawaingii." Akacheka. Alikuwa amenijibu utani kwa utani, kama inavyotakiwa, na alikuwa ameniweza kweli.

Nikakaa mkekani nikayamwaga yote. Kwamba mdundiko ule sijawahi kusikia mfano wake. Kwamba kinanda kinajikwaa mwanzoni lakini kikishasimama, kimesimama. Kwamba upande wa kwanza autupe ila ule wa pili ningemsikilizisha kila dereva wa Kibaha, apende asipende. Nilikuwa nalia. Babu akanitazama, kisu mkononi.

"Leo umekuja na utani mpya," akasema. "Huu mtamu kuliko ule."

"Sitanii, babu. Wallahi sitanii."

"Ndivyo watani wanavyosema."

Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye huyo, amekaa mkekani anafuta kamasi kwa ushungi.

Babu akamaliza muhogo mmoja, akashika mwingine, ndipo akauliza bila kuniangalia, "Kimebaki chochote?"

"Kile kipande tu, babu. Cha harusini."

"Kipige."

Sikutaka. Nikakipiga. Kinanda kikachelewa, kikafukuzia, kikajikwaa, na safari hii hakuna aliyecheka. Babu aliweka kisu chini. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti, navyo vikajikwaa palepale. Simu ikanyamaza. Vidole havikunyamaza. Viliendelea peke yao, taratibu, vinazunguka, vinapisha, vinarudia, mpaka navyo vikachoka.

"Hapo ulipokata," akasema, "ndipo wimbo ulipokuwa unaanza."

Akaokota kisu, akaendelea na mihogo yake.