Msimu Niliokatazwa Kumtazama Ndugu Yangu

Nilipokuwa mtoto kule Sironga, karibu na mji wa Nyamira, sikuyapenda mahindi. Wenzangu waliyaona yakirefuka wakawaza kuchoma. Mimi niliwaza macho yangu. Shamba letu lilifika hadi ukuta wa jikoni, na mbelewele zilipofunguka juu ya mabua na kumwaga ule unga wake wa njano, macho yote mawili yalianza kuniwasha. Kuwasha jamani, si mchezo! Niliyasugua kwa ngumi, kwa kola ya sare ya shule, kwa chochote kilichokuwa karibu. Yakavimba, yakawa mekundu, yakatiririka maji. Mahindi yalipokauka, macho nayo yalipona. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, hata mimi.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, mama alijifungua mtoto wa kiume msimu huo huo. Akaitwa Nyabuto. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeahidiwa kuwa mlezi wake, nimbebe mgongoni mama akienda shambani. Kwetu hicho ni cheo. Nilikuwa nimejizoeza miezi mingi kwa kibuyu kilichofungwa leso, na kibuyu hakikuwahi kuanguka.

Lakini Nyabuto alizaliwa mweupe, maji ya kunde kabisa, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Wazee wetu waliamini kwamba kuna watu wenye jicho, ebibiriria kwa Ekegusii. Jicho hilo likimwangukia mtoto mweupe, takataka ndogo ndogo humganda na kumwingia ngozini: uzi, kapi la wimbi, unyoya wa kuku. Na mwenye jicho si lazima awe na nia mbaya. Anaweza kuwa anampenda mtoto kuliko watu wote. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nyabuto alipotoka upele, nyanya, mama yake baba, alimpaka siagi akamsugua tumbo polepole kwa kiganja. Kisha akakiinua kiganja kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na uzi mwekundu. Akanigeukia, mimi niliyesimama mlangoni nikijisugua macho.

"Kemunto, macho yako yamekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu mtoto aje, nyanya."

Nilisema kweli, na ukweli huo ukanichoma. Mtoto na mbelewele walikuja pamoja, lakini nani angefikiria mbelewele? Mama alivuta leso akamfunika Nyabuto uso.

Tangu siku hiyo nikawa nakula jikoni, nalala jikoni, napita sebuleni nimeinamisha kichwa. "Usimtazame," mama alinikumbusha, kwa upole, na upole wenyewe uliniuma zaidi ya kofi. Sikutulia. Nilikaa nikainuka, nikazunguka nyumba, nikarudi kusikiliza ukutani kama anapumua. Nilijiuliza kama ninaweza kumdhuru hata kupitia ukuta. Na nilivyozidi kulia ndivyo nilivyozidi kusugua, na nilivyozidi kusugua ndivyo nilivyozidi kufanana na yule mwenye jicho waliyemwogopa.

Siku moja mama alikwenda mtoni, akamwachia nyanya mtoto. Ng'ombe akaingia kwenye mboga, nyanya akatoka mbio na fimbo. Nyabuto akaanza kulia. Si kilio cha njaa. Kilikuwa kile cha kukatika pumzi. Niliita, hakuna aliyejibu. Ningefanyaje? Mlangoni palikuwa na beseni la maji safi, na ndani yake nepi iliyosuuzwa. Nikaichukua hivyo hivyo inavyochuruzika, nikajifunga machoni, nikaingia kwa kupapasa. Nilimpata kwa sauti. Blanketi lilikuwa limempanda usoni. Nikalitoa, nikamkumbatia kifuani, nikamwimbia.

Akanyamaza. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mahindi yachanue, macho yangu yakanyamaza. Ubaridi wa ile nepi ulikuwa umeyatuliza. Nilibaki nimesimama gizani nikiogopa hata kusogea, nisije nikaiharibu ile raha.

Hivyo ndivyo mama alivyotukuta. Nilisikia mtungi ukitua chini kwa kishindo.

"Mwanangu, umejifunga nini?"

"Ili nisimtazame, mama."

Alikaa chini akalia. Kesho yake alituchukua sote wawili hadi zahanati.

Daktari aliuliza mambo rahisi tu. Yanauma au yanawasha? Yanawasha. Asubuhi yanagandwa na usaha? Hapana, ni maji tu. Na mwaka jana, mahindi yalipochanua? Mama na mimi tukatazamana. "Huu ni mzio wa mbelewele," akasema. "Hauambukizi. Asisugue, anawe uso akitoka shambani, ajikande kwa kitambaa safi cha maji baridi." Akanipa dawa ya matone. Upele wa mtoto ulikuwa wa joto, mablanketi yalizidi. Kuhusu uzi ule hakuna aliyeuliza, lakini shali aliyofunikwa Nyabuto ilikuwa nyekundu.

Nyanya hakukubali, na sikumlaumu. Alizika watoto wake wadogo bila kuambiwa sababu, na jicho lilikuwa sababu aliyoweza kuishika mkononi. Ila mama hakuniomba radhi kamwe, na nilikaa na hilo miaka mingi, likiniwasha nalo.

Kisha Nyabuto akafika darasa la nne. Mahindi yalichanua, naye akarudi kutoka shuleni akijisugua, macho mekundu kama yangu, maji yanatiririka. Nyanya alimwangalia mjukuu wake kipenzi, na safari hii hakutafuta siagi. Mama alisimama uani akaniita kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Kemunto! Njoo umtazame ndugu yako."

Nilikwenda na kitambaa na maji baridi. Lakini kabla ya kumfunika macho nilimshika kidevu nikamtazama, nikamtazama sana, kuliko ilivyohitajika, na mama alisimama pale pale akaniacha nimtazame.