Kifaransa Ndani ya Barakoa

Binti yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Aliomba kuhamia nchi ya mbali inayotafuta mafundi, lakini alama za maombi yake hazikutosha. Akaambiwa akifaulu mtihani wa Kifaransa ataongezewa. Basi akawa anakikariri kazini, ndani ya barakoa yake, cheche zikiruka. Wateja wakamtania, "Fundi, unaliombea dua geti langu?"

Usiku wa kusubiri majibu nilijilaza sebuleni, usingizi wa mang'amung'amu. Nilimsikia chumbani akinong'ona Kifaransa chake, kama anayembembeleza mtoto. Ndotoni nikamwona mtoto huyo, ananikimbilia, ananiita kwa neno nisilolijua. Nikaomba binti yangu afaulu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, nikaomba safari ikawie kidogo.

Alfajiri mnong'ono ukakatika. Mlango wake wa chuma, aliouchomelea mwenyewe, ukalia ukifunguka. Alisimama na simu mkononi, machozi mashavuni.

"Mama, nimefaulu."

"Hongera, mwanangu. Sasa nifundishe na mimi. Wajukuu nitaongea nao vipi, kwa ishara?"

Akacheka, akaja kunilalia mapajani. Mlango tuliuacha wazi.